Kofi la Kwanza

...kumi kwa kumi, halikusalimika hata moja, mtoto wa miaka saba kaandika maneno kumi na yote kumi yamepigwa alama ya kosa, wino wa kijani, Mwanahija kaishika karatasi mbele ya simu yake kama anayeonyesha hati ya mahakama, ona Baba, ona mwenyewe, na mimi nimeona, macho ninayo, nikamwambia binti yangu mlete huyo mtoto niseme naye, akasema subiri usikate, Layla amejifungia juu, napanda kumtoa, akainuka, akaniachia kiti. Basi niko hapa, saa tano na nusu asubuhi, chini ya bati la karakana yangu Kismayo, simu nimeiegemeza kwenye kifuniko cha mashine ya boti ya Fakihi, na ninachotazama ni kiti kitupu cha jikoni huko Glasgow, kiti cheupe, sweta nyekundu ya mjukuu wangu imetundikwa mgongoni mwake, mkono mmoja umegeuka ndani nje, bando langu linaungua kwa ajili ya sweta... na Fakihi naye hanyamazi, amekaa juu ya jerikeni lake kama yeye ndiye mwenye karakana, "Fundi Mzamil, leo unatengeneza mashine yangu au unatengeneza simu?" namwambia tulia, "Nimetulia tangu asubuhi, harusi iko kisiwani Kudhaa, mchele wa harusi uko kwangu, wale watu wale mchanga?" tulia Fakihi, mashine nimeshaifunga, imebaki kuijaribu tu, nina neno na mtoto, "Mtoto gani, mimi naona kiti," na kweli ni kiti, hilo ndilo linalonichoma, kwamba hata Fakihi anaona ni kiti.

Ati asikilize kwa makini zaidi, hivyo ndivyo mwalimu alivyoandika chini ya karatasi, Mwanahija akanisomea kwa Kiswahili polepole kama mgonjwa anayesomewa dawa, Layla asikilize kwa makini zaidi. Amsikilize nani? Alinisikiliza mimi. Kazi ile tuliifanya wawili, Jumamosi iliyopita, saa hizi hizi, yeye kwenye kiti hicho hicho na mimi hapa na mikono yangu ina grisi, maneno kumi ya Kiingereza, maneno ya kuunganishwa, mawili yamefungwa pamoja yakawa moja, na swali lilikuwa dogo tu, piga makofi, hesabu, kila neno lina silabi ngapi, nikafurahi mimi, nikasema moyoni hapa mmefika mahali pangu, maana Kiingereza changu sikupewa na mwalimu, nilikitoa kwenye kitabu cha mashine, kitabu kilicholowa mafuta kila ukurasa, nilikiokota Mombasa kwenye rundo la vyuma chakavu, na kitabu cha mashine chote ni maneno ya kuunganishwa, gearbox, flywheel, crankcase, nikiyafungua kama ninavyofungua nati, gia huku, sanduku huku, sanduku la gia, haya, limeeleweka, lifunge tena rudisha mahali pake, mwaka mzima nililala na kitabu kile. Na makofi pia nayajua. Mwanzo nilikuwa nikipiga kama tunavyopiga sote, gi-a-bo-ki-si, kila konsonanti tunaipa irabu ya kukalia, mpaka siku nilipomsikia mtu redioni akilitaja, mkia wote kaumeza, gear, box, basi, makofi mawili, nikajisahihisha mwenyewe pale pale, sikungoja wa kunisahihisha, nani angenisahihisha, na leo mtu anaketi Glasgow na kalamu ya kijani ananiambia mimi...

"Waryaa Fundi, jua linapanda," nalijua jua Fakihi, nimezaliwa nalo, "Basi ungeoa tu, kuliko kukodolea sweta," anacheka peke yake, huyu mtu anacheka vichekesho vyake kabla hajavimaliza... na tulicheka sana Jumamosi ile, mimi na Layla, kuna neno butterfly, nikalifungua, siagi huku, nzi huku, nikamwambia Layla nzi wa siagi, nyumbani kwenu mnamla na mkate? akasema hapana Babu, ni yule wa mabawa, akapepea kwa mikono, kumbe kipepeo, sasa siagi inaingiaje, hakuna anayejua, hata mwalimu wake hajui, nimeuliza. Kuna grandfather, grand kubwa, father baba, baba mkubwa, nikamwambia kwetu baba mkubwa ni kaka yake baba, Babu ni Babu, hawa Waingereza walikosa neno wakaazima la jirani, akacheka mpaka akateleza kwenye kiti, hicho hicho, nikaona miguu tu. Na starfish, samaki nyota, nikamwambia huyo sisi tunamwita kiti cha pweza, akaacha kucheka, akauliza kwa dhati kabisa, pweza anakaa, Babu? nikamwambia akichoka. Mimi nikitamka na kupiga makofi, yeye akihesabu kwa vidole, sun, flow, er, kofi, kofi, kofi, picha ikiganda, sauti ikikatika, ikirudi, midomo yake ikienda, nami nikisema sawa, andika, linalofuata, sawa, andika, linalofuata, kumi yote, nikafunga simu nikaenda kuswali adhuhuri nimejaa kama niliyekula pilau.

Na sasa Mwanahija anasema Baba nakuomba usimfundishe tena, Kiingereza chako ni cha mashine. Cha mashine! Na chake yeye alikipata wapi, nani alimkalisha juu ya tairi bovu Mombasa akiwa na miaka minne akamfundisha lifejacket, life, jacket, koti la uhai, akalivaa neno lile kabla hajavaa viatu, na leo yuko huko anaongea na madaktari bila mkalimani kwa sababu ya tairi lile, halafu ni cha mashine... lakini hilo ningelimeza, nimemeza makubwa zaidi, lisilomezeka ni la Jumatatu. Jumatatu Layla anahamishwa. Wanamtoa kwa wenzake wanamtia chumba kidogo, Mwanahija akatafuta neno, hakulipata, akasema chumba cha watoto ambao hesabu hazikai. Hazikai! Mtoto aliyehesabu vifungo vya sweta hiyo akiwa na miaka mitatu! Akasema si makofi tu Baba, kila kitu anahesabu pungufu, penseli, sahani, watoto wenzake kwenye mstari, na mwalimu akimweka sawa anakataa, anakunja mikono, anasema Babu ndiye aliyenifundisha, wewe hujui. Jana kalia darasani. Ndiyo maana wamesema Jumatatu, kwa sababu hakubali. Sema naye wewe Baba, huyu hamsikii mwengine, mwambie afanye anavyosema mwalimu, tafadhali, wakishamtia mle kumtoa si rahisi.

Nimwambie nini? Nimwambie Babu alikuambia uongo? Mimi? Waulize watu wa bandari hii kuanzia kwa wauza barafu, waulize Burgao huko mashine zinakotoka zimekufa zimefungwa kamba kama maiti, waulize, Mzamil kamwambia nani plagi imekufa na plagi nzima, nani, nimewaambia watu wazito mbele ya walinzi wao kwamba mashine yako umeiua mwenyewe kwa kuweka mafuta mabaya, usiniletee sura, nikasema na nikabaki hai, mimi neno langu nikilitoa nimelitoa, silirudii kulifuta kama mtu anayefuta bao la mchezo... na ninawajua mimi watu wa kalamu. Nawajua. Mtu wa kalamu ndiye aliyenifanya niokote kitabu kwenye vyuma. Tulipotoka kisiwani kwetu Chovai wakati wa vita, nina miaka kumi na minne, tukafika kambini upande wa Mombasa, wazazi na watoto watano, karani akaandika wanne. Wanne! Watoto watano wamepangwa mbele yake kwa urefu kama spana za seti moja, akaandika wanne, aliyekosekana kwenye kadi ni mimi, mkubwa, na asiye kwenye kadi hana chakula chake, hiyo si kitu, nilikula kwenye sahani za wadogo zangu, lakini hana shule pia, pale kwenye hema la shule mlangoni wanataka kadi, nikakaa nje nyuma ya turubai miaka mitatu nikiwasikia wadogo zangu wakipiga makofi ndani, kofi kofi kofi, sikujua wanapigia nini, nilidhani wanaimba. Marehemu baba, Fumo wa Chovai, mpaka anakufa alisema karani yule mjinga hajui kuhesabu, na mimi nimemlaani karani yule miaka thelathini na zaidi, kila nilipokwama kwenye neno la kitabu nilimlaani yeye, sasa na huyu wa kalamu ya kijani...

Pungufu, lakini. Neno hilo limenikaa kama mchanga kwenye jino. Mwanahija hakusema anakosea, alisema pungufu. Na karatasi niliiona, kwa haraka, lakini niliiona, football kaandika moja, rainbow kaandika moja, sasa subiri, rain, bow, hata kiziwi ataona mikono imekutana mara mbili, moja linatoka wapi, butterfly mbili, butter peke yake ni mbili, nzi kaenda wapi, grandfather mbili, sunflower mbili... moja pungufu, moja pungufu, moja pungufu. Yote. Mashine inayokosa leo hapa kesho pale ina maradhi kumi, hiyo mrudishie mwenyewe aitupe baharini, lakini mashine inayokosa kila mara mahali pamoja ina ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wake ni mahali mkono wa fundi ulipopita, hilo nimewaambia vijana wangapi. Halafu mimi nikisema sawa, andika. Sawa, andika. Sikumuuliza hata mara moja kaandika ngapi! Mimi ninayekaza nati, nikairudia, nikaigusa mara ya tatu kwa kidole, sikuuliza, nilikuwa nafurahia sauti yangu tu, sun, flow, er, nikijisikia nilivyolitamka... sasa alihesabuje yule mtoto, nilimfundisha mimi kuhesabu, kwa simu, vifungo vya sweta hiyo, ngazi za nyumba yao, alihesabu vizuri, nilimsikia kwa masikio yangu...

"Basi naijaribu mwenyewe," Fakihi kainuka, usiiguse Fakihi, "Mashine ya nani hii?" ameshashika kamba, mguu mmoja kwenye pipa la maji, kiuno kakirudisha nyuma, mimi naishika simu isidondoke, sweta inatikisika, kiti kinatikisika, anavuta, "Bismillahi!" haikuitika, imetema maji kidogo, anavuta, "moya!" hamna, "mbili!" hamna, "chachu!" ikakohoa, ikashika, ikanguruma, moshi wa buluu ukajaa bati zima, akaizima, anatabasamu meno yote nje, "Mvuto wa tatu! Wallahi Fundi una mkono, mvuto wa tatu tu." Wa nne, namwambia, huku natazama kiti. "Wa tatu, nimehesabu, hukunisikia?" Umevuta mara nne Fakihi, nimekuona. "Aa, ule wa kwanza ni wa Bismillahi, nani anauhesabu ule?"

Nani anauhesabu ule.

Nani anauhesabu ule... ya Rabi... ya kwanza Bismillahi, ya pili ndiyo moya, ndivyo, ndivyo hasa, kamba ya mashine hivyo, mvuto wa kwanza wa kuamsha mafuta tu, hauhesabiwi, na sikuanza mimi, ni baba, mchangani Chovai, amechutama, ngalawa imepandishwa, watu wa chombo wamemzunguka, anawagawia tasi na changu, mkono wake unachukua samaki wa kwanza, Bismillahi, anamweka kando kwenye kipande cha mkeka, huyo si wa mtu, huyo ni wa Mungu, halafu moya, mbili, chachu, nne, chano, fungu la ishirini la baba, ukimtia na wa mkekani, lilikuwa na samaki ishirini na mmoja na hakuna aliyeuliza, jioni ule mkeka mama akiuchukua akipita nyumba za wajane, na sisi watoto tukihesabu hivyo hivyo, vijiwe, kaa, meno yaliyong'oka, kila kitu, cha kwanza si chetu. Na mimi bila hata kufikiri, mtoto ana miaka mitatu, amekaa mbele ya simu, amevaa sweta mpya, kubwa kwake, ya kukulia, nikamwambia haya weka kidole kifungo cha juu, sema Bismillahi, teremka, moya, teremka, mbili, chachu, nne, sauti yake ile kama chuma chembamba, ndicho Kibajuni alichonacho, hana kingine, mama yake anamsemesha Kiswahili cha haraka na Kiingereza, wenzake Kiingereza, hayo maneno ndiyo mchanga wote wa Chovai uliofika Glasgow, na mimi ndiye niliyeupeleka. Rain, Bismillahi. Bow, moya. Andika moja. Sawa, nikasema. Linalofuata.

Kwa hiyo si mwalimu. Naam. Si mwalimu na wala si Kiingereza cha mashine. Ni mkono wangu.

"Fundi, mbona umeganda? Moshi umekuingia?" Fakihi ananipungia kitambaa, namwambia chukua mashine yako nenda, "Nani atanisaidia kuibeba?" ngoja basi, ngoja kidogo, kaa, "Sasa tena nikae!" anakaa, kutoka kwenye simu nasikia mlango unagongwa, mbali, juu, sauti ya Mwanahija, Layla shuka, Babu yuko anakungoja, halafu kijisauti nyuma ya mlango, siyasikii maneno yote, nasikia Babu, Babu kasema, hasira hiyo naijua imetoka wapi, haikutoka kwa mama yake... nitamwambiaje. Naweza kumwambia Layla, mama, fanya tu anavyotaka mwalimu, basi, ukiwa kule hesabu kama wao. Hiyo itamtoa chumba kidogo. Hiyo ni rahisi, Babu anabaki na heshima yake, mwalimu anabaki na kalamu yake... na mtoto anabaki akijua kwamba mtu akiwa sawa anainamishwa kichwa na wenye kalamu, hilo ndilo nitakalokuwa nimemfundisha, na si kweli, hakuwa sawa, makofi yalikuwa mawili, ningemfanyia mteja hivyo? Plagi ni nzima, namwambia imekufa. Na Bismillahi nayo, nani atasema Bismillahi ni kosa, hakuna kosa pale, samaki wa kwanza alikuwa na mlaji, mkeka ule ulirudi mtupu kila jioni, nyumba ilipika, ile haikuwa pungufu, ile ilikuwa na mwenyewe...

...na mimi nilikuwa wa kwanza.

Hapana. Ngoja. Tulisimama kwa urefu. Mchana, jua kali, meza ya karani imewekwa nje, mezani kuna mhuri na chupa ya soda tupu, yule bwana macho mekundu kwa uchovu, akamwuliza baba mzee una watoto wangapi, na baba hakusema wangapi, baba hakuwa mtu wa kutaja idadi ya watoto wake kwa kinywa kitupu, aligeuka, akaja kwetu, mkono wake kichwani kwangu, ulikuwa mzito, na mimi nausikia mpaka leo ule mkono, miaka yote hii nausikia mkono sikusikia neno, akasema Bismillahi. Akahamia kwa mdogo wangu, moya. Mbili. Chachu. Kwa yule aliyebebwa na mama mgongoni, nne. Akamtazama karani. Karani akaandika nne, na nini chengine angeandika, aliambiwa nne, alihesabiwa mbele ya macho yake kichwa kwa kichwa, nne, kama ningekuwa mimi nimeshika kalamu ile ningeandika nne. Na mama usiku wa pili, hapana, siku ya pili asubuhi, kadi mkononi, alimwambia baba rudi Fumo, rudi ukaseme, mwanao mkubwa hayumo, na baba akasema nirudi nikaseme nini, nikaseme Fumo hajui kuhesabu wanawe? Karani ndiye aliyekosea. Akalisema mara moja, likawa limesemwa. Foleni ilikuwa pale kwenye mti wa mkorosho, hatua mia mbili, hazizidi, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa, hakwenda, kila asubuhi hakwenda, miaka mitatu nyuma ya turubai, kofi kofi kofi, na yeye akiniona nimekaa pale, akipita, akinitupia salamu, hakunitazama machoni, nilidhani ni uchungu wa karani... alijua. Baba alijua. Aliamka siku moja katikati ya siku zile akajua, lazima, mtu anayehesabu samaki maisha yake yote atakosaje kujua, akajua na mdomo ukakataa, maana alikuwa mtu wa neno moja, watu wote walimsifu, Fumo neno lake moja, na mimi nimejisifu hivyo hivyo kutoka Mombasa mpaka hapa. Yule samaki wa mkekani alimshibisha mjane. Mimi nilipowekwa kando nilimshibisha nani.

Na karani yule, Mungu amsamehe, anisamehe mimi, laana ya miaka thelathini nimempelekea mtu aliyeandika alichoambiwa, pengine naye amekufa, pengine ana wajukuu, na asubuhi ya leo nilikuwa tayari kuipeleka nyengine Glasgow, kwa mwanamke wa kalamu ya kijani ambaye kosa lake ni kwamba ameona mikono ikikutana mara mbili akasema mbili.

"Fundi, unalia?" Moshi, Fakihi. "Moshi umeshaondoka zamani." Basi ni grisi. Ananitazama, halafu anaokota spana yangu chini anaipangusa kwa shuka yake... najaribu. Mdomo wangu najaribu. Layla, Babu alikosea. Haitoki. Nimeyasema makali zaidi ya hayo kwa watu wenye bunduki, haya maneno matatu hayatoki, yanafika kwenye meno yanarudi, lay-la, ba-bu, a-li-ko-se-a, makofi tisa, napiga juu ya paja, Bismillahi naisema kwanza, kwa ulimi, mikono imetulia, ndipo napiga, moja, mbili, tatu, mpaka tisa, si pungufu, "Sasa unapiga makofi," anasema Fakihi polepole kama anayezungumza na mgonjwa, "Fundi, nikuitie mtu?" Ningependa aniitie baba. Ningemwambia twende, ni hatua mia mbili, twende wote, mimi nitasema kwa niaba yako, wewe simama tu... Baba hatakwenda tena, foleni ile imekwisha na kambi imekwisha na mkorosho sijui kama upo. Lakini hii ni hatua ngapi, kutoka hapa mpaka kile kiti.

Kitasa kimelia juu. Mlango. Mwanahija anasema polepole mama, shika ukuta, halafu nyayo, nyayo ndogo zenye hasira, zinagonga mbao kila moja kwa nguvu ili kila mtu nyumbani ajue hazikushuka kwa hiari, na kijisauti kile, bado kina mafua ya kulia, mazoea tu, kila anaposhuka ngazi hufanya hivyo, nilimfundisha mimi, Bismillahi, moya, mbili, chachu... kiti kitupu, sweta haitikisiki... nne, chano, sita... Fakihi kainama karibu na simu kusikia, kafurahi uso mzima, "Mtoto wa Ulaya anahesabu kikwetu!" nyamaza Fakihi, wallahi nyamaza... nane, kenda, kumi, nahesabu naye, mikono iko kwenye paja... kumi na moya, kumi na mbili, amefika chini, amesimama mahali simu haimwoni, naona kiti na sweta na ukingo wa meza, nasikia anavyovuta kamasi, hataki kuja, anangoja aitwe, anangoja nimwambie yeye ndiye aliyekuwa sawa, na mimi nausogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yangu inakitia ukungu, Bismillahi, kumi na tatu, mama, ziko kumi na tatu, Babu aliiruka ya kwanza.